Muulize Fundi: Gunia kumi za vitunguu na mlima Kitonga

Mwezi huu karibu kila barua inauliza kitu kimoja, pikapu za dizeli zenye tabo (ile feni inayoshindilia hewa ndani ya injini) na jinsi ya kuchezea kompyuta yake ziwe na nguvu zaidi, yaani remapu. Nimechagua nne, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nikishaijibu hiyo nyingine zinakuwa nyepesi.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Hilux dabo kebini ya 2008, injini ya 3.0 D-4D, gia za mkono, nabeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni nashusha Iringa mjini. Zamani nilikuwa napanda Kitonga na gunia kumi kwa gia ya tatu bila shida, siku hizi nadondoka mpaka ya pili na malori yananipigia honi nyuma. Kuna kijana yuko Dar ana laptopu, anasema atafungua kompyuta ya gari aniongezee hospawa 40 kwa laki sita. Nimpe? — Dereva wa vitunguu, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Laki sita yako iache mfukoni kwanza. Umeandika neno moja ambalo limejibu swali lote, umesema "zamani". Zamani ilikuwa inapanda, mzigo uleule, mlima uleule, na zile namba zilizo ndani ya kompyuta hazichakai, hamna mtu anakuja usiku kuzipunguza, zilivyoandikwa kiwandani ndo zilivyo mpaka leo. Kilichochakaa ni vitu vya kushikika.

Hebu tupige hesabu kidogo, usikimbie. Gari tupu kama kilo 1,900, gunia kumi tuseme kilo 120 kila moja (nawajua nyie, lumbesa ilishapigwa marufuku na bado mnafunga kilemba juu), wewe na utingo kilo 150, jumla kilo 3,250, ambapo tayari umezidisha lakini hilo tuliache. Chukua mlima wenye mwinuko wa asilimia 8, yaani kila ukienda mita 100 umepanda 8, na unataka upande kwa spidi 60. Kuuinua huo uzito peke yake kunakula kilowati 42 hivi, ongeza matairi, upepo, na kinachopotelea kwenye giaboksi na difu, unafika kama 60. Injini yako ikiwa nzima inatoa kama 120, na hata ukiwa kwenye mizunguko 2,200 tu, kwa ile toki yake (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 343, inatoa karibu 80. Kwa hiyo kama unadondoka mpaka gia ya pili ujue injini haifikishi hata hizo 60, nusu ya farasi wako wametoroka, na huyo kijana anataka akuuzie wengine 40 uwafungie kwenye zizi lilelile lenye tundu.

Tundu liko wapi? Anza na hewa. Dizeli nguvu yake ni mafuta, lakini mafuta bila hewa ni moshi tu. Kwa gari yako tabo inasukuma hewa ipite kwenye intakula, kile kipoza hewa kilicholala juu ya injini chini ya pua ya boneti, na pale kuna mipira ya kuungania. Nilishaletewa Hilux kama yako, mwenyewe alikuwa ameshabadilisha ea klina, filta ya dizeli, ameshalipa watu watatu, na mmoja wao alikuwa ameuzungushia ukanda wa tyubu mpira wa upande wa kulia kwa sababu ulikuwa na oili oili. Tukaufungua, mzima kabisa. Ule wa upande wa pili ndo ulikuwa na mpasuko chini, huuoni mpaka uinamishe shingo, mrefu kama ukucha wa kidole gumba, na ukiubonyeza kwa mkono midomo yake inafunga. Injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa mpira hausemi kitu, ila tabo ikisukuma midomo inafunguka na hewa inatoka pembeni. Tuliziba mdomo wa kuingilia tabo kwa kopo lililotobolewa, tukapitisha upepo wa kompresa kidogo kama bar 1, tukapaka maji ya sabuni, povu likavimba pale kama koo la chura. Mpira mmoja! Mwenye gari alikaa juu ya tairi akaanza kucheka, nadhani alikuwa anahesabu hela alizotoa.

Ukimaliza mipira angalia zile bapa ndogo ndani ya tabo zinazojifungua na kujifunga, zikikamatwa na masizi tabo inachelewa kuamka. Halafu valvu ya EGR, ambayo inarudisha moshi ndani ya injini, ule moshi ukichanganyika na mvuke wa oili unakuwa kama lami na njia ya hewa inabaki nyembamba, nimeshakwangua nyingine kwa bisibisi nikajaza kopo la kilo.

Kwenye mafuta, badilisha filta, safisha chujio la ndani ya tangi, kisha mwambie fundi apime marejeo ya nozeli, anaweka vichupa vinne sawa, mrija mmoja kila nozeli, injini inaunguruma dakika chache, kichupa kinachojaa kuliko wenzake hiyo nozeli inavuja kwa ndani. Na kwa 1KD, yaani hiyo injini yako ya 3.0, nakazia kitu kimoja: zile washa za shaba chini ya nozeli. Zikipitisha, moto wa silinda unapanda mpaka kwenye kifuniko cha juu cha injini, oili inageuka tope jeusi, tope linashuka linaziba chujio la oili ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), presha ya oili inaanguka na tabo ndo inakuwa ya kwanza kuaga. Kwa hiyo kabla ya habari yoyote ya laptopu dondosha sampo, angalia lile chujio. Likiwa na kaboni nyeusi umepata ugonjwa, na ukiongeza mafuta na moto juu ya ugonjwa huo unaharakisha msiba.

Sasa tuseme yote umefanya, gari imerudi gia ya tatu, na bado roho inataka zaidi. Haya, si dhambi. Anachofanya mtu wa laptopu ni kusoma faili la kompyuta na kubadilisha majedwali, mafuta kiasi gani kwa kila mpigo, yapulizwe mapema kiasi gani, presha ya reli (bomba linalogawia nozeli mafuta), tabo isukume mpaka wapi, na mwisho ile mipaka ya toki na moshi ambayo kiwanda kiliweka. Kiwanda kinaacha akiba kwa sababu gari ileile inauzwa kwa watu wa kila aina, kuna jangwa, kuna baridi, kuna mafuta mabovu. Mtu makini anachota kwenye hiyo akiba, anaongeza asilimia 15 mpaka 20 ya nguvu ya injini, anaacha inayobaki. Kwa gari yako zile kilowati 120 ni kama hospawa 160, asilimia 20 yake ni kama hospawa 32, na 40 inaanza kupita hapo. Na klachi yako ya zamani inaweza isikubali, utakanyaga mafuta mizunguko inapanda gari haiendi, harufu unaijua.

Ila kinachonitisha mimi ni joto. Mtu wa mjini anakanyaga sekunde kumi anaachia, wewe unapanda Kitonga umekanyaga mfululizo dakika kadhaa na tani moja na ushei mgongoni. Pistoni ni aluminiamu, aluminiamu inayeyuka nyuzi 660, na gesi inayotoka kwenye silinda kwa mzigo inaweza kuzidi hapo, kinachoiokoa pistoni ni hewa ya kutosha ndani na oili inayopulizwa kwa chini. Kwa hiyo ukifanya remapu funga geji ya joto la eksozi, sensa iwe kabla ya tabo, mimi nikipanda mlima mrefu sitaki ikae juu ya 700. Ikigonga hapo punguza mguu. Mshale wa maji haukuambii haya, maji yanachelewa sana kupata habari.

SWALI: Fundi, nina Land Cruiser mkonga ya pikapu, injini 1HZ, tunapandisha nayo vifaa vya kambi mpaka juu Ngorongoro. Iko nzito sana kule. Naweza kuremapu? — Msomaji, Karatu

JIBU: Ukiipata kompyuta ya kuremapu kwenye 1HZ niite nije nipige picha. Ile ni lita 4.2, silinda sita, pampu ya chuma tupu, haina tabo. Uzito unaousikia juu kule ni hewa, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 unazopanda, na ukingo wa kreta uko kama mita 2,300, kwa hiyo ukifika umeshaacha karibu robo njiani. Usimruhusu mtu akaze ile skrubu ya mafuta kwenye pampu, hewa yenyewe hamna, utapata moshi tu. Kufunga tabo watu wanafunga, ila injini ile imebana sana, 22.4 kwa 1, inataka tabo ya upole na mkono wa mtu anayejua, vinginevyo silinda hedi inapasuka. Mimi ningeiacha. Injini hizo zinazeeka vizuri kwa sababu hamna anayezikimbiza.

SWALI: Sasa fundi, niko Eldoret, nina Isuzu D-Max ya 3.0. Nimeona kisanduku kidogo unachomeka tu kwa sensa ya presha ya mafuta, ati nguvu inapanda na mafuta yanapungua. Ukitaka kuuza gari unachomoa, hakuna mtu atajua. Ni kweli ama ni uongo? — Mkulima, Uasin Gishu

JIBU: Ni kweli na ni uongo, na uongo ndo kazi yake yenyewe. Kile kisanduku kinakaa katikati ya sensa na kompyuta, kinaiambia kompyuta kwamba presha ya reli iko chini kuliko ilivyo. Kompyuta masikini inaamini, inaamuru pampu iongeze. Nguvu inapanda kweli, utaisikia mgongoni. Lakini presha hiyo ni zaidi ya bar elfu moja, tairi lako lina bar mbili na kitu, na sasa umemfumba macho mlinzi aliyekuwa anaiangalia. Hesabu zake zote za kulinda injini anazifanya kwa namba ambayo si ya kweli.

Nitakwambia yangu. Miaka ya nyuma nilikuwa na pikapu ya 2.5, kijana bado, najiona najua. Nikanunua faili kwa mtu wa mtandaoni nikalisukuma mwenyewe usiku gereji imefungwa, bila geji, bila kupima kitu. Kesho yake nikapakia saruji nikapanda nayo, aisee ilikwenda! Wiki ya tatu nikasikia tak tak tak, nikafungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inanguruma, moshi ukawa unapumua pale, puf, puf, puf, kama mtu anavuta kiko. Pistoni ya tatu ilikuwa imepasuka kuanzia kwenye bakuli la juu. Nikauza pikipiki ili kununua injini ya mtumba. Hata geji ya elfu kadhaa sikununua, jamani.

Habari ya mafuta kupungua: ukiendesha mguu uleule inaweza kupungua kidogo kwa sababu unakanyaga kidogo kupata spidi ileile. Nionyeshe mtu aliyeongezewa nguvu akaendesha mguu uleule.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mwanamke nafanya biashara ya ndizi, nina Ford Ranger 3.2 otomatiki. Nimeshafanyiwa remapu tayari, gari ina nguvu lakini ukikanyaga inatoa moshi mweusi mpaka bodaboda wananitukana. Fundi aliyefanya anasema moshi ndo ushahidi wa nguvu. — Mama Ndizi, Moshi

JIBU: Salama dada. Moshi ule ni dizeli uliyoinunua kwa hela yako ikakosa hewa ya kuungulia, sijui ni ushahidi wa nini. Kikemia mafuta kilo moja yanataka hewa kilo 14.5, lakini dizeli ndani ya silinda haipati muda wa kuchanganyika vizuri, kwa hiyo ili isitoe moshi inataka kama 18 au zaidi. Aliyekufanyia ameongeza mafuta akafungua mpaka wa moshi, hewa hakuigusa, na kile kinachotoka mweusi nyuma kinarudi pia kwenye EGR na kwenye tabo. Ranger ya 3.2 ilitoka kiwandani na kilowati 147 na Nm 470, kwa ndizi hiyo ni gari ya kutosha kabisa.

Kwanza hakikisha si mpira wa intakula uliopasuka, soma jibu la yule wa vitunguu, dalili zinafanana na inaweza kuwa fundi anasingiziwa. Mipira ikiwa mizima rudi kwake, usigombane, mwombe vitu viwili: faili la kwanza alilosoma kwenye gari yako kabla hajaligusa, na karatasi au picha ya presha ya tabo, ile kompyuta inayoitaka na ile inayopatikana, gari ikiwa na mzigo barabarani, si ikiwa imesimama gereji. Mtu anayejua kazi vyote viwili anavyo, anarudisha faili kwa nusu saa, anapunguza mafuta kwenye mizunguko ya chini kabla tabo haijaamka na moshi unaisha. Akikwambia faili la kwanza hakulihifadhi, chukua ufunguo wako uondoke, tafuta mtu mwingine akurudishie la kiwanda, linapatikana kwa namba ya kompyuta iliyobandikwa kwenye kasha lake.