Gitaa Linatoboa Meza ya Mbele, Bendi Haikusikii

Tulikuwa kwenye harusi moja Sinza, Dar es Salaam. Wakati wa mapumziko mama mmoja wa meza ya mbele akaniita kwa mkono. Nikamwinamia, nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema. "Unapiga vizuri, lakini hilo gitaa lako linanitoboa sikio. Nimeshahamisha kiti mara mbili." Nikamwomba radhi. Narudi jukwaani, mpiga gitaa la ridhim wetu, ambaye husimama hatua tatu tu kutoka kwangu, akanipokea na lake: "Kaka, leo umejificha wapi? Gitaa lako silipati kabisa."

Mmoja linamchoma, mwingine halimfikii, na amplifaya ni hiyo hiyo moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nalisikia zito, limefifia, kama linapigwa ndani ya kabati. Ndiyo maana tangu tuanze nilikuwa naongeza trebo, yaani sauti nyembamba za juu, kidogo kidogo. Amplifaya ilikuwa sakafuni nyuma yangu, na trebo yote niliyokuwa naongeza ilipita usawa wa magoti yangu ikaenda moja kwa moja kwa yule mama.

Tangu usiku ule nimelishughulikia jambo hili kwa dhati, na ninaloweza kukuambia ni hili: kabla hujaongeza sauti au kutafuta amplifaya kubwa zaidi, jua kwanza sauti yako inaelekea wapi.

Sauti nene humwagika kila upande, sauti nyembamba hunyooka kama mwanga wa tochi. Kwenye joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Noti yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa karibu mita tatu na nusu. Wimbi kubwa kiasi hicho halielekezwi popote na spika ya inchi 12, ambayo upana wake ni kama sentimita 30 tu. Lakini ule ukali wa gitaa, ile kengele inayofanya solo isikike juu ya tumba na kinanda, uko kwenye mitetemo 2,000 hadi 4,000. Mawimbi yake ni kati ya sentimita 17 na 9 hivi, madogo kuliko spika yenyewe, na hapo spika huyarusha mbele tu. Wengi huamini spika kubwa ndiyo hutawanya sauti. Kwa ukali ni kinyume: spika ya inchi 8 huutawanya kuliko ya inchi 12.

Na wati? Kutoka wati 15 kwenda wati 30 unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua lakini halilishangilii. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo ukinunua amplifaya yenye wati mara mbili na kuiweka sakafuni pale pale, unachofanya ni kumwongezea maumivu yule mama.

Anza na kuinyanyua. Kreti la bia, kwa kumbi zetu, halikosekani. Ligeuze chini juu, hakikisha halitikisiki, weka amplifaya juu yake, kisha chomeka kipande cha ubao chini ya ukingo wa mbele ili uso wake uangalie juu, kwenye kichwa chako. Kama huna cha kuinyanyulia, iache sakafuni lakini uilaze nyuma vya kutosha. Ukisimama mita moja na nusu mbele yake inabidi ilale karibu nyuzi 45 ndipo ikufikie masikioni. Utashtuka siku ya kwanza. Utasikia ukali ambao wasikilizaji wako wamekuwa wakiusikia miaka yote, na mkono wako wenyewe utakwenda kwenye trebo kupunguza. Jua pia kwamba ukiitoa sakafuni utapoteza besi kidogo, kwa sababu sakafu huiongezea nguvu. Mimi naona hiyo ni faida. Kwenye baa yenye paa la bati besi ya gitaa haina kazi, mpiga besi na mpiga dramu wameshajaza nafasi hiyo.

Jambo la pili ndilo ninalolithamini kuliko yote: geuza amplifaya iwatazame wenzako, isiwatazame watu. Iweke pembeni mwa jukwaa, uso wake ukatize jukwaa kwenda upande wa pili. Muziki wetu wa dansi unalidai hili. Sikiliza bendi ya Msondo Ngoma, ambayo ilianza 1964 kama NUTA Jazz, au Mlimani Park iliyoanza 1978: magitaa yanapokezana, solo inauliza, solo ya pili inajibu, ridhim inashona katikati. Chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likishakolea hakuna nafasi ya kukisia mwenzako yuko wapi, lazima umsikie. Bendi ambayo kila gitaa linamsikia mwenye gitaa peke yake hupiga kama watu wanne waliokutana kituo cha daladala. Tulipogeuza amplifaya zetu mbili zitazamane kwa kukatiza jukwaa, wiki hiyo hiyo ridhim na solo zilianza kuachiana nafasi bila mtu kuambiwa.

Je, watu watasikiaje? Kwa mitambo. Mwombe fundi mitambo maiki moja, aiweke kama sentimita tatu mbele ya kitambaa cha spika. Isielekee katikati kabisa ya koni, ile karatasi ya spika inayotetemeka, maana pale ndipo palipo na ukali wote. Isogezwe kuelekea ukingoni mpaka gitaa lilainike. Spika kubwa za ukumbi zimetengenezwa kutawanya sauti, amplifaya yako haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kuna mafundi watakaokwambia maiki zimekwisha, zote ni za waimbaji. Zungumza naye mapema, kwa heshima, kabla hajafunga nyaya.

Sasa siku ambayo maiki haipo kweli, na ndizo siku nyingi kwenye baa ndogo, inabidi amplifaya itazame watu. Hapo sponji imeniokoa. Nilikwenda Keko kwa fundi wa masofa, nikamwomba vipande anavyotupa, akanipa bure. Unataka kipande chenye unene wa sentimita mbili na nusu au tatu, na lazima kipitishe hewa. Kiweke mdomoni upulize: ukihisi pumzi upande wa pili, kinafaa. Ile sponji ngumu inayofungiwa redio na televisheni haipitishi, iache. Kata duara la upana wa spika yako, kisha katikati toboa tundu la sentimita saba na nusu. Kisu cha mkate hukata vizuri kuliko mkasi. Ibandike juu ya kitambaa cha mbele kwa mikanda ya kunata, tundu likae sawasawa mbele ya kitovu cha spika. Kama amplifaya yako ina fremu ya kitambaa inayotoka, unaweza kuiweka ndani, ila isiiguse koni hata kidogo, itakwaruza.

Kinachotokea ni kwamba sponji inanyonya ukali unaotoka kwenye mzingo wa koni, na ule unaobaki unatoka kwenye tundu dogo. Chanzo kidogo hutawanya. Sauti nene hupita kana kwamba sponji haipo. Gitaa litapoa kidogo ukiwa mbele, utarudisha trebo kiasi, lakini sasa meza ya mbele na meza ya pembeni zinasikia karibu kitu kimoja. Katika yote niliyojaribu, hakuna lililonigharimu kidogo na kunipa zaidi.

Kama amplifaya yako ina mgongo wazi, usiibane ukutani. Iache mbele ya ukuta kwa nusu mita au mita, sauti ya nyuma igonge ukuta irudi na kujaza jukwaa. Kwenye kumbi za harusi angalia mapambo: pazia nzito zilizoning'inizwa nyuma ya jukwaa zinakula sauti hiyo yote, na utadhani amplifaya imeharibika. Na wenye boksi la spika mbili, lisimamishe wima, spika moja juu ya nyingine. Likilala, spika mbili zilizo ubavu kwa ubavu huubana ukali kushoto na kulia. Ukitaka kuunga boksi la pili, soma kwanza omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizoandikwa nyuma. Mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, na amplifaya isiyokubali 4 inaweza kuungua.

Mwisho wa kufunga vyombo, kabla watu hawajaingia, mpe mwenzako gitaa apige kodi moja tu (noti kadhaa kwa pamoja), ile ile, bila kubadili nguvu. Wewe shuka, simama mita nne mbele ya amplifaya, kisha zunguka nusu duara kutoka kushoto kwenda kulia. Tembea polepole, kaa pia kwenye kiti, kwa sababu watu watasikiliza wamekaa. Pale sauti inapobadilika ghafla ikawa kali, tazama imewekwa meza ya nani, kisha rudi jukwaani ugeuze amplifaya.