Mafuriko Yamepita, Mbona Wageni Hawaji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa watalii hapa Narok. Mto Talek ulipofurika mwanzoni mwa Mei 2024 na kambi zaidi ya kumi za Maasai Mara zikafungwa, hata wageni waliolipia kambi ambazo maji hayakuzifikia walighairi safari. Wenzangu husema hayo ni mapenzi ya Mungu, hayahusiani na utawala bora. Je, ni kweli?
Msomaji, Narok

JIBU: Ndugu msomaji, mvua ni ya Mungu, lakini kibali cha kujenga kambi ukingoni mwa mto hutolewa na binadamu, na kanuni za Kenya zinataka uachwe ukanda usiojengwa wa mita 6 hadi 30.

Kuhusu wageni kughairi, nakupeleka Nepal. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 liliua watu karibu 9,000, nalo liliumiza zaidi wilaya 14 kati ya 75. Hata hivyo, kwa mtu aliyetazama picha akiwa Ulaya, nchi nzima ilikuwa kifusi. Watalii walipungua kutoka takriban 790,000 mwaka 2014 hadi 539,000 mwaka 2015. Serikali ilifanya jambo moja la busara: iliwaita wahandisi wakague njia za wapanda milima za Annapurna na Everest, na matokeo yakatangazwa, hivyo wakala wa safari akawa na jambo la kumwonyesha mteja mwenye hofu badala ya kumbembeleza tu. Lakini serikali hiyohiyo ilifungua viwanja vya kale vya mahekalu na majumba ya kifalme vya Kathmandu, mji mkuu, katikati ya Juni, ilhali UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilikuwa na wasiwasi juu ya usalama wake, na mamlaka ya ujenzi mpya haikuanza kazi hadi Desemba, ingawa wafadhili walikuwa wameahidi mabilioni ya dola tangu Juni. Kufikia 2017 watalii walikuwa takriban 940,000, sifa ambayo singeipa serikali peke yake, kwa maana wanakijiji wa bonde la milimani la Langtang walijenga upya nyumba za wageni kwa mikono yao.

Kwa hiyo, ninyi madereva mnayo haki ya kuiomba Kaunti ya Narok, inayosimamia hifadhi ya Maasai Mara, itangaze kila siku ya mafuriko ni lango lipi, barabara ipi na daraja lipi vinapitika, na ni vipi havipitiki.