Kwa nyie wapya mnaoanza kliniki ya miguu iliyopinda

Nyie mliopangiwa kliniki ya watoto waliozaliwa na miguu imepinda, niwaambie mapema, plasta siyo kazi ngumu. Wiki 5 au 6 hivi, kila wiki unabadilisha, na ukishika vizuri mguu unakuja wenyewe.

Shida ya mikono mipya ni haraka. Unaona kisigino kimepanda unataka ukishushe siku ya kwanza. Usikiguse kabisa! Kile kinashuka mwisho, na mara nyingi mpaka ile kano ya nyuma ya kisigino (ya Achilles) ikatwe. Plasta ya kwanza unainua upande wa kidole gumba, yaani mguu unaonekana kama umeupinda zaidi na mama anakutazama vibaya, we mweleze tu. Wiki zinazofuata unauzungusha kwenda nje polepole, dole gumba lako likiwa juu ya kichwa cha talasi, kile kinundu cha nje mbele ya kifundo. Mimi nilikuwa nabonyeza mbele zaidi, kwenye kuboidi, ule mfupa wa ukingo wa nje wa mguu, nashangaa mbona alama za Pirani, zile za kupima mguu umepinda kiasi gani, hazishuki, mpaka sista mmoja mzee akanishika mkono akausogeza kidogo tu. (Huyo Pirani wa alama 0 mpaka 6 ni mzaliwa wa hapa hapa Uganda, wengi hawajui.)

Plasta ipite goti, goti likunjwe nyuzi 90. Ukiweka fupi mtoto anaivua kama soksi kabla hawajafika taksi paki.

Sasa viatu, vile vya kuvaa baada ya plasta ili mguu usirudi kupinda, ndo hapo tunapopoteza watoto. Vile vya Steenbeek vyenye chuma katikati vilibuniwa hapa hapa kwa ngozi na chuma cha kawaida, fundi anavitengeneza, kwa hiyo viatu vyenyewe siyo tatizo. Tatizo ni kuvivaa saa 23 kwa siku miezi 3, halafu kila usiku mpaka miaka 4. Mguu umeshanyooka, mama anaona umepona, mtoto analia usiku, jajja (bibi) anahurumia anavivua. Baada ya miezi michache wamerudi na mguu umerudi. Kwa hiyo muiteni na jajja siku ya viatu, na baba kama yupo.

Na msiulize "anavaa?" maana wote watasema ndiyo musawo (daktari). Chungulia ndani ya kiatu. Kina miezi 2 na ngozi bado inang'aa, kaa chini uulize taratibu mtoto analala na nani.