Unapanga safari ya nchi kadhaa kwa mara ya kwanza? Anza na ramani na viza, tiketi ije baadaye

Kila skuli zikikaribia kufungwa mwisho wa mwaka napata meseji za watu wa hapa Mombasa wanataka kusafiri nje na familia, na orodha zao huwa ndefu, Dubai, Uturuki, Malaysia, Singapore, pengine London pia iingizwe, yote kwa wiki mbili. Nawaambia jambo moja kabla ya jengine lolote: chagua nchi kwa mlango wake na kwa jirani yake. Mlango maanake unaingiaje na hii pasipoti ya Kenya, na jirani maanake ukimaliza hapo unaingia nyengine mbele yako bila kurudi nyuma ulikotoka. Nchi ikiwa na picha nzuri lakini iko peke yake upande mwengine wa ramani na viza yake yachukua mwezi, iwekee safari yake siku nyengine.

Kuhusu idadi, wiki mbili nchi mbili zatosha, tatu ukijikaza sana. Watu hawahesabu siku ya kuhama. Siku unayovuka mpaka asubuhi wafunga mabegi, watoka hoteli, waenda stesheni au eapoti saa nyingi kabla, wasimama foleni, wafika jioni na watoto wamechoka, hiyo siku ishakwenda. Ukiwa na nchi tano kwa siku 14 umeshatoa siku nne hivi hapo, bado ile ya kwenda na ile ya kurudi.

Kwa safari ya kwanza mimi hupenda mtu aanze na Malaysia na Singapore, na sababu zangu ni hizi. Mkenya huingia zote mbili bila viza, siku 30 Malaysia na siku 30 Singapore. Chakula cha halali kiko kila mahali, Malaysia tazama alama ya halali ya JAKIM na Singapore ile ya MUIS, hizo ndizo idara za Kiislamu za huko zinazothibitisha chakula, hutakaa na mama yako mezani mkiulizana hii nyama vipi. Kiingereza chafahamika. Soketi za ukutani ni zile zile za pini tatu za huku kwetu, chaja zako zaingia moja kwa moja. Na nchi zenyewe zimeshikana, kutoka Kuala Lumpur hadi Singapore ni kama kilomita 350, basi lachukua masaa matano sita hivi ikiwa mpaka hauna msongamano.

Sasa kuna utaratibu mdogo mdogo ambao mtu mgeni hauangalii na ndio wamkwamisha kaunta ya eapoti. Pasipoti iwe na miezi sita mbele. Malaysia wataka ujaze kadi yao ya kuingilia kwenye intaneti, na Singapore vile vile, zote wajaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni bure, kwa hivyo tovuti ikikuitisha pesa kwa ajili ya hiyo kadi toka, sio ya serikali hiyo. Halafu chanjo ya homa ya manjano. Sisi twatoka nchi ambayo ugonjwa huo upo, kwa hivyo kile kitabu cha manjano wanakitaka, na chanjo yahesabiwa baada ya siku 10 tangu uchanjwe, ukienda kuchanjwa siku mbili kabla ya safari haikusaidii kitu. Kama ulichanjwa zamani usiwe na wasiwasi, tangu 2016 cheti ni cha maisha, bora usikipoteze. Na sheria za viza hubadilika, kwa hivyo hata haya ninayowaambia mimi yahakikishe kwa tovuti ya uhamiaji ya nchi yenyewe kabla hujalipa chochote.

Mstari wenyewe mimi huuchora kutoka juu, Penang, kwenda chini, Singapore. Ingia Kuala Lumpur, lala usiku mmoja au miwili mpaka mwili uzoee maana wako mbele yetu masaa matano, kisha panda kaskazini mpaka Penang kwa treni, ni masaa manne hivi mpaka Butterworth halafu wavuka na feri kuingia George Town. Hapo nawasihi mkae. Watu wengi hupapitia usiku mmoja tu, na wallahi mtu wa Mji wa Kale atajiona yuko nyumbani, vichochoro, nyumba za zamani za wafanyabiashara, msikiti wa Kapitan Keling, na nasi kandar, wali na michuzi ya huko, usiku na watu wamekaa nje. George Town na Melaka ziliingizwa pamoja kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ukitoka Penang shuka chini, Kuala Lumpur tena, Melaka ambayo ni masaa mawili hivi kwa basi, na kutoka Melaka mabasi yaenda moja kwa moja Singapore. Safari yako yaishia hapo, na wapanda ndege ya kurudi hapo hapo.

Hii yamaanisha tiketi yako iwe ya kuingilia mji mmoja na kutokea mji mwengine. Kwenye tovuti za tiketi kuna sehemu ya kuchagua miji mingi, usichague kwenda na kurudi. Mara nyingi bei hazipishani sana, na hata ikizidi kidogo piga hesabu ya nauli na usiku wa hoteli wa kurudi Kuala Lumpur kufuata ndege, ndio utaona.

Siku za Singapore ziwe chache. Vyumba vyake ni ghali mno ukilinganisha na Malaysia, chumba cha familia cha usiku mmoja pale pengine chakulaza siku kadhaa Penang. Usiku tatu wanitosha mimi, na hulala maeneo ya Kampong Glam karibu na msikiti wa Sultan kwa sababu chakula kiko chini ya ghorofa na treni iko karibu. Kwenye treni zao na mabasi wagusisha kadi ya benki tu unaingia, kila mtu na kadi yake lakini.

Mpaka wenyewe wa Johor, jimbo la Malaysia linalopakana na Singapore, wataka maelezo. Washuka na mabegi yako yote upande wa Malaysia wagongewa kutoka, wapanda basi, wavuka ile barabara ya juu ya maji, washuka tena na mabegi upande wa Singapore. Basi lako laweza kukuacha ukichelewa foleni, kwa hivyo piga picha namba ya basi na weka tiketi mkononi. Ijumaa jioni na Jumapili jioni msongamano wake ni kama feri ya Likoni saa za kutoka kazini, wewe vuka Jumanne au Jumatano asubuhi. Na huko usibebe miraa wala mugukaa wala vepu, zile sigara za umeme, nasema haya kwa uzito, Singapore vepu ni marufuku na sheria zao za dawa za kulevya hazina msamaha.

Wanaotaka Ulaya hesabu ni nyengine. Viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, moja yaingia nchi 29, siku 90 ndani ya kila siku 180, na waomba ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ukipanga Ufaransa usiku tano, Ubelgiji mbili, Uholanzi tatu, basi ni Ufaransa, hata kama ndege yatua Amsterdam. Bima iwe ya kuanzia yuro 30,000. Omba mapema, dirisha lafunguliwa miezi sita kabla na lafungwa siku 15 kabla, na sisi wa Mombasa tuna ile safari ya Nairobi ya kutoa alama za vidole juu yake. London usiichomeke katikati, Uingereza haimo Schengen, yataka viza yake, na ukitoka Schengen kwa viza ya kuingia mara moja kurudi hakuna. Huko pia treni ni bora kuliko zile ndege za bei rahisi, Paris hadi Brussels ni kama saa moja na nusu katikati ya mji hadi katikati ya mji, wakati ndege yaweza kukushusha eapoti ya Beauvais, kilomita 85 hivi nje ya Paris.

Popote uendapo, tiketi ya kutoka Mombasa mpaka mwisho iwe moja. Mtu akinunua vipande viwili tofauti kwa kuokoa pesa, kipande cha kwanza kikichelewa shirika la pili halina habari naye, na begi haliendi mwisho lenyewe, alichukua njiani, na kulichukua ni kutoka nje ya uhamiaji, na kutoka nje pengine kwataka viza ya nchi ambayo hakuwa na haja nayo. Familia moja ya jirani zetu iliyalipa hayo kwa tiketi mpya za watu wazima wanne. Na kama waanzia Nairobi kwa SGR, panda treni ya siku moja kabla, ulale.

La wazee sasa, maana wengi mwasafiri na mama. Siku ile ile ya kununua tiketi omba kiti cha magurudumu, kwa kawaida mashirika hutaka taarifa masaa 48 kabla, hakilipiwi, na kwenye eapoti kubwa mwendo kutoka geti hadi geti ni mrefu kuliko anavyotembea kwa siku nzima. Dawa zake ziwe kwenye begi la mkononi na karatasi ya daktari, na kwa Ulaya ongeza adapta ya pini mbili za mviringo ikiwa ana mashine yoyote ya kuchaji.