Familia ya mgonjwa inataka niache kampuni, niwafanyie kazi wenyewe

SWALI: Nimeajiriwa na kampuni inayopeleka wahudumu kutunza wagonjwa majumbani hapa Nairobi. Tangu mwaka jana niko kwa mama mmoja wa Lavington aliyepatwa na kiharusi. Wanawe wananisihi niache kampuni wanilipe wenyewe, tena zaidi. Mkataba wangu unanikataza kumhudumia mteja wa kampuni kwa miaka miwili baada ya kuondoka. Wanaweza kunishtaki? – Msomaji, Kawangware

JIBU: Dada, kushtaki wanaweza, kushinda ni jambo jingine. Sheria ya Kenya haikifuti kifungu kama hicho moja kwa moja. Inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kukibatilisha ikiona kimepita kiasi, ikizingatia aina ya kazi, muda na eneo. Miaka miwili kwa mhudumu ni mingi mno, na ningekuwa wakili wako ningeanzia hapo. Hata hivyo usikidharau, kwa sababu kampuni ndiyo iliyokutanisha wewe na mama huyo.

Kabla ya kuandika barua yoyote, waombe wanawe watoe mkataba wao na kampuni. Mara nyingi wenye kubanwa zaidi ni wao: humo huwa na ada ya kulipa wakimchukua mhudumu. Wakikubali kuilipa na kampuni ikakuandikia barua ya kukuachilia, ugomvi umekwisha. Hiyo ndiyo njia ninayokushauri.

Kisha toa notisi kwa maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka siku 28, isipokuwa mkataba wako umetaja muda mrefu zaidi. Siku hizo bado u mfanyakazi wa kampuni, kwa hiyo usipokee hela ya familia pembeni, wala usipige picha daftari la presha na dawa za mama. Hata kampuni ikikasirika, mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako, na cheti cha utumishi ni haki yako. Mwajiri anayekunyima kwa makusudi anatenda kosa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huko unakokwenda. Kumwinua mgonjwa wa kiharusi kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kila siku kunaweza kukuvunja mgongo. Ukiumia, nani atalipa? Sheria ya fidia ya majeraha kazini inamtaka mwajiri akukatie bima, na sasa mwajiri ni familia. Dai mkataba wa maandishi wenye bima hiyo, NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya ya serikali), siku moja ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Wataje pia atakayekushikia zamu siku yako ya mapumziko, maana zamani kampuni ndiyo iliyoleta mtu. Na waandike utalipwaje mama akilazwa hospitalini, na notisi yako itakuwa ya muda gani akifariki. Ni maneno mazito kuyasema mbele ya watoto wake, lakini yaseme sasa.

Mwisho, mtoto mmoja atie sahihi kama mwajiri. Ndugu watatu wakichanga mshahara bila mwenyewe, kila mmoja hudhani mwenzake ameshatuma.