Kama nalipa kodi ya kiti, saa ya kuingia kazini napanga mwenyewe

Juzi msusi mmoja wa Mwanza kaniandikia ujumbe mrefu. Amekodi kona kwenye saluni, kodi analipa kila mwezi, luku wanachangishana. Sasa mwenye saluni kamwambia kuanzia mwezi ujao kila kichwa atakachosuka atoe asilimia 30 juu ya kodi ileile, na kama hataki afungashe, ila draya yake ibaki mpaka "wamalizane". Anauliza: dada, mimi nina haki gani hapa, maana mkataba sina?

Yeye nimeshamjibu pembeni. Hapa nawajibu nyie wengine, maana mko wengi sana. Kila nikikaa na wasusi, vinyozi na wadada wa kucha, habari ni hiyohiyo, na wengi wanaisimulia huku wanacheka kana kwamba ni kawaida. Si kawaida. Mimi yamenikuta, na mpaka leo nikipita ile barabara roho inanipanda.

Nilikodi kona Sinza, kwenye fremu yenye viti vinne. Kodi 150,000 kwa mwezi, dhamana ya mwezi mmoja mbele, luku kila mtu anatia mkono. Kiti na kioo vilikuwa vya bosi. Draya, pasi, vitana, taulo na sufuria kubwa la kuchemshia maji ya kuchovyea rasta vilikuwa vyangu, nimenunua Kariakoo kimoja kimoja. Na wateja nilikuja nao. Niliwatoa barazani kwetu, nilikokuwa nasuka tangu naitwa kusuka twende kilioni za watoto wa shule. Msinione najisifu, lakini mkono wangu unajulikana: kuna wanawake walikuwa wanapanda pantoni kutoka Kigamboni kuja Sinza kwa ajili ya rasta zangu ndogondogo, wanapita saluni zote hizo njiani. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba saluni ndiyo iliyonipa wateja.

Miezi ya mwanzo sina la kusema. Tulikuwa tunakula pamoja, tunakopeshana nywele, maisha yanakwenda.

Saluni ilipochangamka ndipo mambo yalipobadilika. Zikaja fulana za zambarau zenye jina la saluni, kila mtu avae. Ikaja ratiba ya zamu, imebandikwa ukutani juu ya sinki la kuoshea nywele, jina langu la tatu kutoka juu: Jumamosi saa 1 asubuhi, ukichelewa faini 5,000. Nikauliza, dada, mimi si nalipa kodi? Akanijibu, kwani waliopanga nyumba hawana sheria za nyumba? Nikanyamaza, maana nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi na mteja hapendi kelele.

Kilichonichoma ni siku nilipotoka mara moja kununua nywele. Kuna mama mtu mzima, mteja wangu wa miaka, alikuwa amenipigia simu asubuhi kwamba anakuja. Nimerudi nimemkuta amekalishwa kiti cha binti mwingine, ameshasukwa mistari mitatu, ananitazama kwenye kioo hasemi kitu. Yule binti naye kainamisha macho, kitana kimebaki hewani. Bosi akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Humu ndani hakuna mteja wa mtu. Wateja wote ni wa saluni."

Haikupita muda ikaja na asilimia. Kodi ibaki palepale, halafu kila kichwa nitoe 40 kwa mia. Nilikataa, na nilikataa kwa adabu. Jumapili usiku ikaingia meseji: kesho usije. Jumatatu nimekwenda nimekuta kufuli jipya, vyombo vyangu vyote viko ndani, naambiwa vinashikiliwa kwa ajili ya kodi. Kodi ya mwezi upi, wakati mwezi wenyewe nilishaulipia na dhamana yangu bado iko kwake?

Hapo wengi wetu tunalia, tunaposti mafumbo, tunaanza upya mtaa mwingine. Mimi nilikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa siku ileile. Sikwenda na machozi, nilikwenda na simu. Ndani yake kulikuwa na picha za vyombo vyangu, risiti za Kariakoo nilizokuwa nimezipiga picha kabla wino haujafutika, na meseji za muamala za kila mwezi zenye jina kamili la bosi. Hapakuwa na makubaliano yoyote kati yetu yaliyompa ruhusa ya kushika mali yangu rehani, na mwenyekiti alimwambia hivyo mbele yangu. Jioni nikabeba vitu vyangu. Draya ilikuwa imepasuka kifuniko, na sijasahau.

Habari ingeishia hapo, isipokuwa nina mteja ambaye ofisini kwao anashughulika na mambo ya wafanyakazi. Nikiwa namsuka sebuleni kwake nilimsimulia yote, fulana, ratiba, faini. Akageuka ghafla mpaka rasta ikanichomoka mkononi. Akaniambia: wewe hukuwa mpangaji, wewe ulikuwa mwajiriwa unayemlipa mwajiri wako kodi.

Sikilizeni hapa vizuri, maana hiki ndicho ninachotaka mjue. Tanzania tuna Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004. Kifungu chake cha 61 kinasema mtu anayemfanyia mwenzake kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna jambo hata moja kati ya haya. Namna anavyofanya kazi inaelekezwa na yule mwingine. Saa zake za kazi zinapangwa na yule mwingine. Kama ni shirika, yeye ni sehemu ya shirika hilo. Amemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita. Anamtegemea huyo kiuchumi. Vifaa vya kazi anapewa na huyo. Au hamfanyii kazi mtu mwingine yeyote ila huyo. Limesemwa jambo moja, si yote. Mimi saa zangu zilikuwa zimebandikwa juu ya sinki.

Kwa hiyo mwenye saluni hawezi kula huku na huku. Akitaka kodi, akupe nafasi yako na akuache: bei yako, wateja wako, saa zako. Akitaka kukupangia zamu, kukuvalisha fulana na kukukata faini, basi yeye ni mwajiri, na mwajiri ana mzigo wake. Anayelipwa kwa mwezi akishapita mwezi wa kwanza kazini anastahili notisi ya siku 28, na anayelipwa kwa siku au kwa wiki siku 4. Meseji ya Jumapili usiku si notisi. Na ile hofu ya "mkataba sina" nayo ipunguzeni: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inamtaka mwajiri ndiye aweke masharti ya kazi kwa maandishi. Akishindwa kuyaleta shauri likifika mbele, mzigo wa kuthibitisha masharti yenyewe unamwangukia yeye.

Nilikwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Fomu unajaza, nakala unampelekea mlalamikiwa kwanza, kisha unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipata. Wakili sikuwa naye. Bosi alifika amependeza, na neno lake la kwanza: "Huyu ni mpangaji wangu, muulizeni mwenyewe, alikuwa ananilipa kodi." Ni kweli, nilikuwa nalipa. Msuluhishi akauliza swali dogo tu, faini ya kuchelewa ilikuwa ya nini? Nikatoa picha ya ratiba, na jina langu pale la tatu. Tulimaliza kwa maelewano, hati ikasainiwa, na kiasi nilicholipwa sikitaji kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Niseme tu kwamba draya nilinunua mpya, na hela ikabaki.

Siku zinahesabika, wadogo zangu. Ukiachishwa una siku 30 tu za kufika CMA, na madai mengine ya kazi siku 60. Ukikaa miezi mitatu unamwomba Mungu amwadhibu bosi, utakuta mlango umefungwa na itabidi uombe kwanza ruhusa ya kuchelewa. Na kama umefanya kazi chini ya miezi 6, madai ya kuachishwa kazi isivyo haki hayakuhusu. Nayasema haya kwa ukali kwa sababu wanaonifuata wengi wanakuja muda umeshapita, halafu wananiuliza mimi nifanyeje.

Kuna upande wa pili pia. Kama kweli umejiajiri, unaingia unapotaka, bei unapanga, vifaa vyako, ufunguo unao, mwenye saluni ataithibitisha hali hiyo na CMA watakwambia hapa si kwako. Hapo haki zako ni zile mlizokubaliana, na utazidai mahakamani kama mtu yeyote mwenye makubaliano. Makubaliano ya mdomo yanatambulika, Sheria ya Mikataba haiyakatai. Tabu ni kuyathibitisha. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari letu la wateja wa mkopo tunalitunza vizuri, ila la kodi yetu wenyewe hatunalo.

Andika basi. Ukurasa mmoja unatosha, wa mkono, Kiswahili, saini mbili na shahidi. Kodi ni kiasi gani na ndani yake kuna nini, maana luku, maji, mlinzi na usafi ndiko ugomvi unakoanzia. Anayetaka kuondoka, au kumwondoa mwenzake, atoe notisi ya muda gani. Dhamana inarudi lini. Vyombo gani ni vya nani, vitaje kwa jina na rangi. Wateja wako na namba zao ni zako. Kodi lipa kwa simu, usimpe mtu noti mkononi, na pale pa maelezo andika "kodi ya kiti" na mwezi wake. Nimesema andika? Narudia, andika.

Na muombe akuonyeshe mkataba wake wa fremu. Wengi hamuulizi hili, mnaona aibu. Mwenye saluni naye mara nyingi ni mpangaji, na mikataba mingi ya fremu inakataza kumpangisha mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba. Namjua kinyozi wa Mwenge aliyekuta mlango umefungwa na mwenye nyumba kwa deni la bosi wake. Mashine zake tatu zilikuwa ndani na yeye hadaiwi hata shilingi. Alizipata, lakini baada ya kuzungushwa sana, na wateja wake walishazoea kwingine.

Halafu tusidai haki tu. Ukisema umejiajiri, jiajiri kweli. TIN inatolewa bure TRA, hakuna haja ya kumlipa kishoka. Leseni ulizia halmashauri yako. NSSF wanapokea michango ya waliojiajiri, anza hata na kidogo. Hili la mwisho nalisemea kwa uchungu. Mwenzetu mmoja alimwagikiwa na maji ya kuchovyea rasta mguuni, kuanzia gotini mpaka kwenye vidole. Angekuwa mwajiriwa, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri ndiye anauchangia. Kwa kuwa alihesabiwa mpangaji, alijitibu kwa hela ya mchango tuliopitisha kwenye viti, na mwezi ule kodi alidaiwa kama kawaida.

Wasichana wengi mnaogopa kuuliza kwa kuwa bosi ni "dada" au "mama", amekupokea ukiwa hujui mtu mjini. Shukrani mpe. Mpe na zawadi Iddi na Krismasi ukipenda. Lakini shukrani hailipwi kwa 40 kwa mia ya jasho lako kila siku, na dada anayekupenda hatakasirika ukimwomba karatasi. Akikasirika, umeshajua unakoingia kabla hujatoa dhamana.

Sasa hivi nina fremu yangu, nami nimekodisha kona mbili, moja ya kucha na moja ya kope. Sijawapa fulana. Wanakuja wanapotaka, mmoja haji Ijumaa kabisa na sijawahi kumuuliza. Notisi yetu ni mwezi mmoja kwa pande zote mbili. Yule wa kope aliona ni mrefu mno, tukavutana wiki nzima, mwisho akasaini na bado ananinunia kidogo. Sawa tu. Wanaotaka nakala ya karatasi ile waniandikie nitawatumia bure, mbadilishe majina na kiasi. Ila msiniombe niwapigie simu mabosi zenu, hilo sifanyi.