Bi mkubwa wa miaka 68 meno yanaoza kwenye fizi: mimi yamenikuta, soma hapa

Mleta uzi umesema bi mkubwa ana miaka 68, mswaki anapiga kila asubuhi, ila ndani ya miaka miwili meno manne yameoza, tena sio pale juu pa kutafunia, ni huku chini karibu na fizi, hospitali hataki kusikia na wewe unaulizia njia za asili. Mkuu hiyo kitu naijua maana mimi mwenyewe nina 63 (humu najifanya kijana tu) na magego mawili nshayaaga kwa staili hiyohiyo.

Nianze na ujinga wangu. Nina kaduka ka spea Tandika, nakaa pale toka saa mbili asubuhi, chupa ya chai pembeni, sukari ya kutosha, na sio kwamba nakunywa nikamaliza, hapana, napiga funda moja nahudumia mteja, napiga jingine, adhuhuri inaadhiniwa chai bado ipo. Mdomo ukikauka natupia peremende. Na ulikuwa unakauka kwelikweli, usiku naamka ulimi umeganda juu kama stempu, nkajua ni joto la Dar tu. Meno yalivyoanza kuoza nkasema huu uchafu, nkaanza kusugua na mkaa wa kusaga kama tulivyokuwa tunafanya utotoni, nasugua kwa hasira, fizi ndo zikazidi kuliwa.

Siku ya kung'oa gego la pili, yule daktari, binti mdogo tu, akaingiza kile kioo chake mdomoni kikanasa shavuni. Akakibandua, kikanasa tena. Akaniuliza, "Baba, unameza dawa gani?" Nkashangaa vidonge vinahusiana nini na meno. Nkamtajia kile cha presha cha kukojoza, pamoja na piritoni nilizokuwa najinunulia kila usiku kwa mafua ya vumbi, maana na usingizi zinaleta. Akasema basi, mate yako yameishia humo.

Yaan kumbe mate ndo kila kitu wakuu. Bakteria wakila sukari wanatengeneza asidi, mate yanaipoza na yana madini ya kulirudishia jino, ila kila funda la chai tamu asidi inakaa nusu saa hivi, sasa mtu unayekunywa tone kwa tone kutwa nzima mate yatafanya kazi saa ngapi, na hapo yenyewe hayapo! Alafu ukizeeka fizi zinarudi nyuma, mzizi unabaki wazi, na mzizi hauna lile ganda gumu la juu kwaiyo unaoza chap. Ndo hiyo ya bi mkubwa.

Piritoni nkaacha. Cha presha sikuacha kienyeji, USIMWACHISHE MAMA DAWA, nilirudi kwa daktari wangu akanibadilishia. Dukani sasa ni chupa ya maji matupu, chai nakunywa na chakula nikimaliza nimemaliza. Badala ya peremende namwita dogo wa mkokoteni ananikatia mihogo mibichi na vipande vya nazi, ile kutafuna tu inaita mate, ila kama mama hana nguvu za kutafuna usimlazimishe, bablishi isiyo na sukari inasaidia pia.

Mswaki wa mti ndo asili yenyewe unayoitafuta, na hata WHO walishaukubali toka 1986. Nanunua nje ya msikiti Ijumaa, nachagua mbichi unaopindika, namenya ncha kidogo natafuna mpaka nyuzi zifunguke laini, nasugua taratibu toka kwenye fizi kwenda kwenye jino, na ncha ikichoka naikata. Shida yake kwa magego ya nyuma kwa ndani haufiki vizuri, kwaiyo usiku kabla ya kulala lazima dawa ya meno yenye floraidi na mswaki laini, nikimaliza natema tu, sisukutui na maji, ili ile dawa ibaki kwenye meno. Najua kuna watu humu wanaogopa floraidi kisa meno ya kahawia ya wenzetu wa Arusha, ile ni maji ya kule yana floraidi nyingi na wameyanywa toka utotoni, bi mkubwa wa 68 akipaka kiasi cha punje ya njegere haimpati.

Karafuu inatuliza maumivu, haizibi tundu. Ndimu ya kung'arisha meno achana nayo kabisa, ni asidi ileile. Na yale manne yaliyotoboka hakuna mti utakaoyaziba, mpeleke mapema yakazibwe kabla hayajafika kung'olewa, mwambie kuziba hakuumi kama kung'oa, mimi nimefanyiwa vyote.

Mpimishe na kisukari, nacho kinakausha mdomo na kuharibu fizi. Ila kwanza leo usiku kaangalie paketi za dawa zake alafu urudi hapa utuambie anameza nini.